Jua Halipigi Hodi

Kazi yangu ni kuongea. Shuleni niliadhibiwa kwa kosa hilohilo, leo nimepewa kiti cha kuzunguka na feni. Nakaa chumba cha juu kabisa cha ofisi ya kampuni ya malori, mbele ya redio ya upepo, naongea na madereva walioko huko nyikani ambako simu ya mkononi haina kazi nyingine zaidi ya kuwa tochi. Madereva wananiita Kasuku. Mimi nawaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana wengine wao wana wajukuu wanaojua kusoma.

Mmoja wa madereva hao ni kaka yangu, ndugu yangu toka nitoke. Nilipoajiriwa, wakubwa walihofu tutapendeleana. Baada ya kutusikiliza hewani kwa wiki moja hofu yao ikageuka, wakaanza kuhofu tutauana.

Kaka na sheria ni paka na maji. Safari iliyopita alivuka mito miwili bila kuripoti, mimi nikabaki huku nimekumbatia kipaza sauti kama mjane. Akapewa onyo. Wifi yangu, yaani mkewe, akamsema. Mama akamsema. Mimi nikamsema kwa niaba ya wote waliosahau kumsema. Mwisho akanyoosha mikono juu: "Basi jamani! Safari ijayo nitafuata sheria mpaka mnichoke."

Sheria yenyewe si ngumu. Kabla ya kuvuka mto, dereva anaita kituoni. Akijibiwa, anavuka. Asipojibiwa, anaegesha na kushuka ngazi: kutoka chaneli ya tatu, ambayo ndiyo yetu ya kila siku, anakwenda ya pili, kisha ya kwanza, ya chini kabisa, na hapo anatulia akisikiliza kwa saa nzima. Saa ikiisha na bado ni kimya, anatumia akili yake na kuvuka. Tunawakaririsha kama watoto wa chekechea: usiposikika, shuka. Na siku zote inafaa, kwa sababu redio ikigoma mara nyingi ni jioni, na jioni sauti hupita vizuri zaidi chini kuliko juu. Chaneli ya nne na ya tano zipo, lakini ni kama sebule ya wageni, hatukai huko.

Asubuhi ya siku hiyo Bosi alipanda ngazi akihema. Bosi wetu ni mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kututazama sisi kwa huruma. Anasoma kila kitu. Ukimpa kiberiti atasoma kwanza maandishi ya kwenye boksi ndipo awashe.

"Kasuku, umesoma taarifa ya hali ya hewa?"

"Nimesoma, mama. Mvua milimani, jua huku bondeni."

"Siyo hiyo. Ya anga za juu."

"Kumbe huko nako kunanyesha?"

Akanitazama kwa ile miwani ya huruma. "Jua limetoka madoa mapya, makubwa, na yameelekea huku kwetu. Wanasema linaweza kufyatuka wakati wowote."

"Sasa mama, mzee wa umri ule akitokwa na chunusi si tumpongeze? Ujana umemrudia."

Hakucheka. Alivuta kiti, akaniambia kwa upole kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Sauti ya redio yetu, alisema, inapanda juu, inagonga dari la anga, inarudi chini kwa dereva. Jua likifyatuka, mionzi yake inatandika kitu kama godoro chini ya dari hilo. Sauti ikipanda inazama godoroni, hairudi. Na hiyo ni kwa upande wenye mchana tu. Wenye usiku wao wanaendelea na umbea wao kama kawaida.

"Mionzi inafika kwa dakika nane," alisema.

"Na onyo linafika lini?"

"Onyo litoke wapi? Ule mwanga wa mlipuko ndio habari yenyewe, na mionzi inakuja nao bega kwa bega. Hakuna kitu cha kuutangulia mwanga."

"Kwa hiyo jua halipigi hodi."

"Halipigi hodi, mwanangu."

Nikaigiza jua likiingia chumbani bila kubisha hodi na kumkuta mtu amevaa taulo. Bosi akaondoka akitikisa kichwa, akaniachia karatasi yake juu ya meza. Nikaifanya kifuniko cha kikombe cha chai.

Saa sita kaka aliita kwa ratiba yake ya kawaida. Alikuwa na lori namba tatu, saruji na mabati ya shule moja ng'ambo ya nyika, yeye na fundi wake.

"Kasuku, Kasuku, lori namba tatu hapa. Uko macho?"

"Niko macho kaka. Unasikika kama umemeza pamba."

"Ni vumbi. Barabara nzuri, gari zuri, dereva mzuri kupindukia. Nitakuwa mtoni saa nane."

"Uniite kabla ya kuvuka."

"Nitakuita kabla ya kuvuka, baada ya kuvuka, na katikati nitakuita nikuimbie. Si mmetaka mtu wa sheria?"

Alikuwa anaufurahia utii wake kama mtu aliyenunua kofia mpya. Tukaagana.

Sasa huo mto hauna daraja. Kuna njia ya zege iliyolazwa sakafuni mwa mto, na siku za kawaida maji yanapita juu yake hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Upande wa juu wa mto, mbali kidogo, kuna bwawa. Dakika chache baada ya kuagana na kaka, simu ya mezani ikalia. Alikuwa karani wa bwawa.

"Dada, habari za huko? Milimani kumenyesha sana. Tunafungua milango ya bwawa saa nane kamili. Maji yatafika kwenye njia ya malori kama saa tisa hivi. Una gari huko?"

"Ninalo moja, lakini litakuwa limeshavuka. Na nitaongea nalo saa saba."

"Basi vizuri. Liambie lisizubae."

Nikapiga hesabu, nayo ilinyooka. Kaka anafika saa nane, anavuka saa nane, maji yanafika saa tisa yanakuta matope ya matairi yake tu. Nikanywa chai yangu. Niliona hata raha kidogo, kama mtu mwenye siri ndogo ya kumtishia nayo kaka yake.

Saa saba nikabonyeza kitufe. "Lori namba tatu, kituo hapa."

Kimya.

Sasa niseme kuhusu kimya. Redio ya upepo haijui kunyamaza. Hata pasipokuwa na mtu inakoroma, inafoka, inachemka kama mafuta kikaangoni. Ukifanya kazi hii huwezi tena kuusikia huo mlio, kama usivyosikia moyo wako. Saa ile niliusikia, kwa sababu haukuwepo. Kikaango kilikuwa kimeondolewa jikoni. Nikaongeza sauti mpaka mwisho: kwa mbali sana, kitu kama mtu anayepumua nyuma ya ukuta.

Nikajua antena imekatika. Nikapanda juu ya paa, jua likanipokea utosini, jua lilelile la kila siku, halina hata dalili ya aibu. Antena ilikuwa imesimama. Nyaya zote zilikuwa mahali pake. Chini barabarani redio ya fundi cherehani ilikuwa inapiga muziki vizuri tu. Nikaongea na mlinzi wa getini kwa kile kiredio cha mkononi.

"Unanisikia?"

"Nakusikia hata bila redio, Kasuku, uko juu ya paa unapiga kelele."

Nikashuka mbio, nikachomoa bisibisi droo ya chini, nikaanza kufungua skrubu za redio. Ya kwanza ilikuwa imeshatoka Bosi alipoingia.

"Acha! Usiiguse!"

"Imekufa, mama."

"Haijafa. Tazama hii." Alikuwa na simu yake mkononi, taarifa mpya. Mlipuko mkubwa wa jua, umetokea saa sita na nusu, upande wote wenye mchana umepoteza mawimbi ya redio za masafa. Inaweza kuchukua saa moja, mbili, au zaidi kidogo. Halafu hali itarudi yenyewe.

Nikarudisha skrubu.

"Basi afadhali," nilisema. "Kaka atavuka saa nane, sisi tutampata baadaye."

Bosi alikuwa ananitazama bila miwani yoyote, na hapo ndipo hesabu yangu ilipojipinda kama mabati kwenye upepo.

Kaka atafika mtoni saa nane. Ataita kabla ya kuvuka, maana ameapa. Hatajibiwa. Akiwa yule kaka ninayemjua mimi, atatukana kidogo, atavuka, salama. Lakini akiwa huyu kaka mpya, wa kofia mpya, ataegesha. Atashuka ya pili. Atashuka ya kwanza. Atasubiri saa nzima, mzuri, mtiifu, amekunja mikono. Na saa tisa, saa ikiisha, atawasha gari, ataingia mtoni.

Saa tisa. Na maji nayo saa tisa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia neno kuhusu anayesikia la mkuu siku ambayo mkuu amekosea. Nimekua nikiomba kaka yangu awe mtu wa kusikia. Mchana ule, kwa mara ya kwanza maishani, niliinamisha kichwa juu ya meza nikaomba awe kichwa kigumu.

Nikampigia karani wa bwawa.

"Kaka'ngu, naomba uchelewe kufungua. Saa moja tu."

"Dada, maji yamefika kwenye mstari mwekundu. Nikichelewa sitafungua mimi, yatajifungulia yenyewe."

"Nusu saa."

"Laiti ingekuwa mkononi mwangu." Akasita. "Nitapiga king'ora. Lakini huko njiani kwenu hakifiki." Kisha akasema pole, na ile pole ilinitisha kuliko king'ora.

Kutuma gari? Gari la karibu zaidi lilikuwa la Bosi, na kutoka ofisini mpaka mtoni ni safari ya kulala njiani. Simu ya setilaiti ya kampuni alikuwa nayo mkurugenzi, naye alikuwa safarini nchi ya mbali. Na hata ingekuwepo, kaka hana ya kuipokelea. Kifaa cha kufuatilia lori kwenye kompyuta kilikuwa kinaonyesha lori namba tatu liko mjini, limetulia, mahali pa mwisho palipokuwa na mtandao. Kwa mujibu wa kompyuta kaka yangu alikuwa anakunywa soda.

"Hapa wameandika," Bosi alisema, kidole juu ya simu, "mlipuko wa namna hii unameza zaidi masafa ya chini. Ya juu huponyoka, na ndiyo yanayorudi kwanza. Tupande chaneli ya tano, binti. Mwite huko."

Nikapandisha mkono kwenye kinobu. Nikausimamisha.

"Mama, huko tano nitamwita nani?"

"Si kaka yako?"

"Kaka yangu yuko kwenye ya kwanza. Tumemfundisha wenyewe: usiposikika, shuka. Ushauri wa kupanda unafaa watu wawili waliokubaliana kupanda. Mimi nikipanda peke yangu nitakuwa nahubiri kanisa tupu."

"Na kama hakutii? Kama anahangaika na chaneli zote, si anaweza kupita ya tano?"

"Kama hakutii ameshavuka. Mtu aliyeshavuka hanihitaji." Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka kavu. "Anayenihitaji ni yule aliyetii. Na aliyetii yuko chini."

Bosi ni mtu wa maandishi, na maandishi yalikuwa yanasema vingine. Lakini alivua miwani, akaenda kabatini akatoa redio ndogo ya zamani, ile isiyoweza kutuma, ya kusikiliza tu. "Basi wewe kaa chini," alisema. "Mimi nitasikiliza huko juu. Uhai ukianza kurudi, nitakuambia umefika wapi."

Nikaweka kinobu kwenye ya kwanza. Hapo hata yule mtu wa kupumua nyuma ya ukuta hakuwepo.

"Lori namba tatu, kituo hapa. Simama. Maji yanakuja. Simama."

Kwenye redio mbovu unachagua neno moja gumu, linaloweza kuvunjika na bado likasikika. Simama. Nililisema mpaka likapoteza maana, likawa kama kugonga msumari. Halafu nasubiri. Halafu tena. Huwezi kujua kama unaongea na mtu au na godoro. Mtambo wetu una nguvu kuliko wa lori. Inawezekana ananisikia ila mimi simsikii. Inawezekana pia hasikii kitu, amelaza kiti anapiga mluzi.

Saa nane ikapita. Nikafikiria milango ya bwawa inavyofunguka.

Simu yangu ikaita. Wifi. Kila siku kaka akiwa safarini wifi hupiga mchana, tunamsengenya mumewe kidogo, siku inakwenda.

"Wifi yangu, mzee wako amefika wapi?"

"Yuko mtoni, wifi."

"Ameshavuka?"

"Anafuata sheria."

"Yeye? Sheria?" Akacheka. Nikangoja acheke mpaka amalize, kwa sababu mimi nilikuwa sina cheko hata la kukopesha. Akanyamaza. "Wifi. Leo mbona hucheki?"

"Nina mafua."

"Asubuhi hukuwa na mafua."

"Yameanza saa sita na nusu." Nikasikia mwenyewe ilivyotoka vibaya. "Redio imekorofisha, wifi. Nikimpata nakupigia. Nitakupigia mimi."

Hakuuliza tena. Alisema tu, "Sawa mdogo wangu," na hakukata simu. Aliiacha wazi nikasikia sufuria, mlango, maisha ya nyumba yao, mpaka mimi nikakata.

"Tano," Bosi alisema.

Niligeuka.

"Chaneli ya tano inakoroma. Kuna watu wanaongea, lugha siijui, lakini ni watu."

"Na ya nne?"

"Bado."

Hivi ndivyo tulivyokaa. Mimi chini kisimani napiga kelele, yeye mdomoni mwa kisima anatazama kama mwanga unashuka. Simama. Maji yanakuja. Simama. Jasho lilinitoka mpaka kipaza sauti kikateleza mkononi. Nilianza kuongeza maneno, maana neno moja likirudiwa sana linakutia wazimu. Nilimwambia kaka asimame kwa ajili ya wifi. Nilimwambia asimame kwa ajili ya mama. Nilimwambia yale mabati si ya baba yake, asiyapeleke kuogelea. Nilimwambia kwamba nikimpata nitamvunja meno. Nilimwambia pia mambo mengine, ya dada kwa kaka, ambayo Bosi kwa heshima alijifanya hayasikii, akipangusa miwani.

"Nne," alisema.

Saa ya ukutani sikuitazama. Niligeuza kiti nikaipa mgongo. Lakini kivuli cha fremu ya dirisha kilikuwa kinatambaa sakafuni kuelekea mlangoni, na kivuli huwezi kukigeuzia mgongo.

"Tatu. Kasuku, ya tatu imerudi! Inachemka!"

"Siyo huko, mama. Hayuko huko."

"Labda amerudi—"

"Nimemfundisha mimi! Hawezi kupanda mpaka saa yake iishe!"

Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti. Alikaza sikio kwenye kile kiredio chake, akageuza kinobu polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Nikaomba saa yake isiishe. Kisha nikakumbuka kwamba hata ikiisha, ndiyo anaingia mtoni. Nikawa sijui niombe nini.

"Mbili," akanong'ona. "Kidogo. Kwa mbali."

Kwenye spika yangu kikaango kikaanza. Tone moja la mafuta. La pili. Kitu kikapasuka, kikafifia, kikarudi. Kisha, ndani kabisa ya huo mchemko, kama mtu anayeongea ndani ya pipa lililozikwa:

"...suku... tatu hapa... saa imekwisha... naingia..."

"Simama! Kaka, simama! Maji yanakuja!"

Mchemko. Kisha sauti yake, imepanda kidogo. "...sikii... rudia..."

"Simama! Bwawa limefunguliwa! Rudi nyuma!"

"Bwawa?" Akacheka. Nilimsikia akicheka! "Wewe Kasuku wewe. Saa nzima nimekaa kama bibi harusi anayesubiri mahari, husemi kitu, sasa ndiyo unaanza masihara yako. Matairi ya mbele yameshaingia. Maji hayafiki kifundo."

Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kile kimya. Kimya kilikuwa cha jua, sikuwa na hisa nacho. Huku kutoaminiwa ni kosa langu mwenyewe. Nimemtania mtu huyu tangu nijue kusema. Nimewahi kumwambia hewani kwamba tairi la lori lake limepasuka, akasimama kulitazama, kumbe matairi yote yako salama. Sasa ningesema kwa sauti gani ambayo hajaizoea?

Nikaketi wima. Nikaongea kama ninavyoongea na mtu nisiyemjua.

"Lori namba tatu. Hiki ni kituo kikuu. Pokea amri. Rudisha gari nyuma, toka kwenye zege, panda mpaka kwenye mchanga mkavu, kisha ripoti. Amri imetolewa na kituo. Kubali amri."

Mchemko ukapita, mrefu. Bosi alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Kaka hakusema "Kasuku". Alisema, taratibu: "Lori namba tatu. Nimekubali amri."

Kisha hakuachia kitufe, sijui kwa kusahau au kwa makusudi, na nyuma ya sauti yake nikasikia gia ikikwaruza, fundi akipiga kelele "Njoo! Njoo! Kata kulia!" na ile ti-ti-ti ya lori linalorudi nyuma. Nilizihesabu zile ti kama anayesali. Zikakatika. Kimya, lakini kimya kinachokoroma.

"Lori namba tatu," nilisema. "Ripoti."

Hakuna kitu.

"Lori namba tatu. Kaka. Ripoti."

Bosi akaniwekea mkono begani. Nilikuwa nimesimama, sikumbuki kusimama.

"Tuko kwenye mchanga." Sauti ilikuwa imerudi nzuri kabisa, kama aliye chumba cha pili. "Tuko juu. Lakini dada, nikuulize, maji yenyewe yako wap—"

Akakatiza. Nikasikia fundi akimwita Mungu. Kaka akabonyeza kitufe akakishikilia, na spika yangu ikajaa mlio ambao sikuwahi kuusikia, kama mawe yanamwagwa kutoka kwenye lori ambalo haliishi mzigo. Ulidumu. Ndani yake kulikuwa na miti inayovunjika.

"Zege silioni tena," alisema baadaye. Baada ya hapo: "Pale nilipokuwa, sipaoni." Na baada ya kitambo kirefu: "Ungeendelea kwa ile sauti yako ya masihara, ningevuka."

Bosi alichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akauliza hali ya fundi, hali ya gari, hali ya chakula na maji ya kunywa. Vyote vilikuwepo. Mimi nikampigia wifi, nikamwambia mumewe yuko salama upande wa huku wa mto, nikaongeza kwamba mafua yamepungua. Alilia. Nikamwambia asilie, nikalia mimi.

Niliporudi kwenye kiti Bosi alikuwa anasoma tena. Nilitamani kumnyang'anya ile simu.

"Haijaisha," alisema.

"Mama, niache nipumue."

"Pumua ukisikiliza. Mlipuko ule umerusha pia wingu. Hilo haliendi kasi ya mwanga, linachukua siku moja, mbili, tatu. Likifika linaweza kuyumbisha redio tena, juu na chini, na mpaka umeme. Hawana hakika kama litatupiga au litatupita pembeni."

"Na mto utapungua lini?"

Karani wa bwawa alikuwa ameshasema: kesho kutwa, pengine. Tukatazamana. Siku ambayo maji yatapungua kaka avuke, inaweza kuwa siku hiyohiyo ambayo hatutasikiana. Na safari hiyo hakuna ajuaye kama kitakachofaa ni kupanda au kushuka.

Nikachukua kipaza sauti wakati sauti ingalipo.

"Kaka, nisikilize vizuri. Kuanzia sasa ile sheria ya kushuka ngazi na kusubiri saa moja, ifute kichwani."

"Siku niliyoikariri ndiyo siku mnayoifuta?"

"Ifute. Sheria ni moja tu. Bila kuisikia sauti yangu ikikuambia vuka, huvuki."

"Na kukiwa kimya tena kama leo?"

"Huvuki."

"Siku nzima?"

"Hata siku tatu."

"Na mto ukipungua ukarudi kwenye kifundo?"

"Hata ukikauka ukaota nyasi, mbuzi wakaja kula."

Akafikiri. Nilisikia upepo wa huko ukipuliza kwenye kipaza sauti chake. "Na nikichoka kukaa?"

"Choka ukiwa umekaa."

Akacheka kidogo, cheko lisilo na meno. "Sawa," alisema. "Nimekubali."

Nje jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya mapaa, jekundu, limetulia, kama lisilojua lolote. Sikuweza kulitazama. Kaka yangu akisema sawa, kwa miaka yote niliyomjua, maana yake imekuwa mambo mengi, na mengi kati ya hayo hayakuwa sawa. Nikabonyeza kitufe nikamwambia airudie ile sheria, neno kwa neno, toka mwanzo.

Akairudia.

Nikamwambia airudie tena.